Kasoro za kuzaliwa za ateri za koronari

Kasoro za kuzaliwa za ateri za koronari ni hali ambapo mishipa inayopeleka damu kwenye misuli ya moyo wenyewe imeanzia mahali pasipo pake, imepita njia isiyo ya kawaida, imeishia mahali isipostahili kuishia, au mmojawapo haupo kabisa. Mtu huzaliwa akiwa nazo. Hazitokani na mafuta kujikusanya ndani ya mishipa, wala na uvutaji wa sigara au mtindo wa maisha, kama ilivyo kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo unaowapata watu wazima.

Kasoro hizi hupatikana kwa takriban mtu 1 kati ya 100. Nyingi hazina madhara, na mwenye nazo anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. Chache kati yake, hata hivyo, zinaweza kumuua mtoto mchanga kabla hajatimiza mwaka mmoja, au kijana mwenye afya nzuri akiwa katikati ya mchezo. Kwa kuwa mara nyingi vipimo vya kawaida havionyeshi tatizo lolote, njia ya uhakika ya kuzitambua ni kuiona mishipa yenyewe kwa kutumia picha za moyo.

Ateri za koronari za kawaida

Moyo umejaa damu muda wote, lakini misuli yake haijilishi kwa damu iliyomo ndani ya vyumba vyake. Inategemea ateri mbili ndogo zinazochipuka kwenye shina la aota, yaani ateri kubwa inayotoka kwenye ventrikali ya kushoto. Jina "koronari" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji, kwa sababu ateri hizo na matawi yake huuzunguka moyo kama taji linavyozunguka kichwa.

Mahali aota inapoanzia, juu tu ya vali yake, pana vifuko vitatu. Vinaitwa vifuko vya Valsalva kwa kumbukumbu ya Antonio Maria Valsalva (1666–1723), mtaalamu wa anatomia wa Italia. Ateri ya koronari ya kulia huanzia kwenye kifuko cha kulia, na ya kushoto kwenye kifuko cha kushoto. Kifuko cha tatu kwa kawaida hakitoi ateri yoyote. Ateri ya kushoto, baada ya mwendo mfupi, hugawanyika kuwa matawi mawili makubwa: moja hushuka upande wa mbele wa moyo na jingine huzunguka upande wa nyuma. Kwa watu wengi ateri ya kushoto ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya ventrikali ya kushoto, ambayo ndiyo pampu ya kusukuma damu mwilini kote.

Mambo mawili kuhusu mzunguko huu wa damu yanasaidia kuelewa hatari ya kasoro zake. Kwanza, moyo unapojikaza, hubana mishipa iliyomo ndani ya misuli yake. Kwa hiyo ventrikali ya kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati moyo unapolegea, kati ya pigo moja na lingine. Mtu anapokimbia na mapigo kuongezeka, muda huo wa kulegea hupungua. Pili, hata mtu akiwa amepumzika, misuli ya moyo huchukua karibu oksijeni yote inayoweza kuchukuliwa kutoka kwenye damu inayoifikia. Moyo ukihitaji oksijeni zaidi, hauna akiba nyingine ya kuchota bali lazima uongezewe damu yenyewe. Katika mazoezi makali mtiririko huo hupanda hadi mara nne au tano. Ateri ambayo mdomo wake ni mwembamba inaweza kutosha kabisa kwa mtu aliyekaa, na isitoshe kwa mtu huyohuyo akiwa mbioni.

Chanzo

Ateri za koronari huundwa katika wiki za mwanzo za ujauzito. Zamani wataalamu walidhani kwamba huchipuka kutoka aota na kukua kuelekea kwenye moyo. Utafiti uliofanywa kwa viini vya ndege ulionyesha kinyume chake: mishipa midogo huundwa kwanza kama wavu kwenye uso wa moyo, kisha wavu huo hukua kuelekea aota na kupenya ukuta wake. Ikiwa upenyaji huo utatokea mahali pasipo pake, au upande mmoja ukashindwa kupenya, mtoto huzaliwa na kasoro.

Kwa wagonjwa wengi sababu ya kosa hilo haijulikani. Si matokeo ya jambo ambalo mama alilifanya au aliacha kulifanya wakati wa ujauzito. Baadhi ya kasoro huonekana zaidi kwa watoto wenye kasoro nyingine za moyo za kuzaliwa.

Aina kuu

Ateri kuanzia kwenye kifuko kisicho chake

Katika aina hii, ateri ya kulia huanzia kwenye kifuko cha kushoto, au ateri ya kushoto huanzia kwenye kifuko cha kulia. Kwa kuwa ateri hiyo imeanzia upande usio wake, inalazimika kuvuka ili kulifikia eneo inalolilisha. Njia inayofuatwa wakati wa kuvuka ndiyo inayoamua hatari. Ikipita mbele ya ateri ya mapafu au nyuma ya aota, kwa kawaida hakuna tatizo. Ikipita katikati, kati ya aota na ateri ya mapafu, hatari inakuwa kubwa.

Katika njia hiyo ya katikati mdomo wa ateri mara nyingi huwa si duara bali mwembamba kama mpasuko. Aidha, ateri huchomoza kwa pembe kali na kusafiri kwa milimita kadhaa ndani ya ukuta wa aota kabla ya kutokeza nje. Wakati wa mazoezi aota hutanuka kwa nguvu ya damu, na kipande hicho kilichomo ndani ya ukuta hubanwa. Misuli ya moyo hukosa damu wakati ileile inapoihitaji zaidi, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla.

Ateri ya kulia kuanzia kushoto hutokea mara nyingi zaidi, lakini ateri ya kushoto kuanzia kulia ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa inalisha sehemu kubwa ya moyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu askari wapya wa Marekani waliofariki ghafla mafunzoni katika kipindi cha miaka 25 ulipata vifo 126 visivyotokana na majeraha. Katika vifo 64 ilipatikana kasoro ya moyo inayoonekana. Kati ya hivyo, 21 vilitokana na ateri yenye kasoro, na katika vyote 21 ilikuwa ateri ya kushoto iliyoanzia kwenye kifuko cha kulia na kupita katikati ya mishipa miwili mikubwa.

Ateri ya kushoto kuanzia kwenye ateri ya mapafu

Hii ni kasoro adimu, inayokadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 300,000 wanaozaliwa hai. Hujulikana pia kama sindromu ya Bland-White-Garland, kutokana na majina ya madaktari watatu wa Marekani walioieleza mwaka 1933.

Mtoto akiwa tumboni hana shida, kwa sababu shinikizo la damu katika ateri ya mapafu ni kubwa na damu ya pande zote mbili haitofautiani sana kwa oksijeni. Baada ya kuzaliwa, mapafu hufunguka na katika wiki chache shinikizo la ateri ya mapafu hushuka. Hapo ateri ya kushoto inabaki na damu yenye oksijeni kidogo, tena isiyo na nguvu ya kusukumwa. Baadaye mtiririko hugeuka: damu hutoka ateri ya kulia, hupitia vijishipa vinavyounganisha pande mbili, na badala ya kulisha misuli inamwagikia kwenye ateri ya mapafu. Ventrikali ya kushoto hutanuka na kudhoofika, na vali iliyo kati ya vyumba vya kushoto huanza kuvujisha damu.

Mtoto anaweza kuonekana mzima kwa wiki kadhaa, kisha akaanza kutokwa jasho, kuhema na kulia anaponyonya. Kunyonya ndiyo kazi nzito kuliko zote kwa mtoto mchanga, na kilio hicho huenda ni maumivu ya kifua. Ni rahisi kudhani kwamba ana chango au nimonia. Bila upasuaji, wengi wa watoto hawa, hadi 9 kati ya 10, hufariki ndani ya mwaka wa kwanza. Wachache ambao vijishipa vyao vya kuunganisha ni vikubwa hufika utu uzima, ingawa wako hatarini.

Ateri moja tu

Mara chache mtu huzaliwa na ateri moja ya koronari inayolisha moyo wote. Mfano unaojulikana sana ni wa Pete Maravich, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani aliyecheza misimu kumi ya ligi ya kulipwa ya NBA. Tarehe 5 Januari 1988, akiwa na umri wa miaka 40, alianguka na kufariki alipokuwa akicheza mchezo wa kirafiki mjini Pasadena, California. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba hakuwa na ateri ya kushoto, na ateri ya kulia ilikuwa imetanuka kufidia pengo hilo. Alikuwa ameshindana kwa miaka mingi katika kiwango cha juu kabisa bila kasoro hiyo kutambuliwa.

Fistula ya koronari

Hapa ateri inaanza vizuri lakini inaishia pabaya: badala ya kugawanyika kuwa vijishipa ndani ya misuli, inafunguka moja kwa moja ndani ya chumba cha moyo au ndani ya ateri ya mapafu. Fistula ndogo hazina madhara, na baadhi hujifunga zenyewe. Kubwa huupa moyo mzigo wa damu ya ziada, na daktari anaweza kusikia mvumo unaoendelea anapoweka chombo cha kusikilizia kifuani.

Daraja la misuli

Kwa kawaida ateri kubwa za koronari hulala juu ya uso wa moyo. Kwa baadhi ya watu kipande cha tawi la mbele huzama chini ya misuli na kutokeza tena mbele, kama njia inayopita chini ya daraja. Moyo unapojikaza kipande hicho hubanwa. Hali hii hupatikana kwa watu wengi, na kwa walio wengi haina madhara kwa sababu damu hupita zaidi wakati moyo umelegea.

Dalili

Mara nyingi hakuna dalili. Zinapokuwepo, dalili za kuangaliwa kwa watoto wakubwa na vijana ni:
- maumivu au kubanwa kifua wakati wa mazoezi;
- kuzimia wakati wa mazoezi au mara tu baada ya mazoezi;
- mapigo ya moyo kwenda mbio au kuruka bila mpangilio;
- kukosa pumzi kuliko wenzake wa umri uleule.

Kuzimia kunahitaji kutofautishwa. Mwanafunzi anayeanguka baada ya kusimama muda mrefu juani kwenye gwaride kwa kawaida ameishiwa nguvu kwa sababu shinikizo la damu limeshuka, na huzinduka upesi akilazwa chini. Anayeanguka akiwa katikati ya kukimbia ni jambo jingine. Hata akizinduka na kusema yu mzima, anapaswa kuacha michezo mpaka moyo wake uchunguzwe. Kuanguka huko mara nyingine huchukuliwa kuwa kifafa, njaa au kurogwa, na nafasi ya kuokoa maisha hupotea.

Kwa mtoto mchanga dalili ni jasho na kuhema wakati wa kunyonya, kutoongezeka uzito, weupe wa ngozi na kilio kisichoelezeka.

Utambuzi kwa picha

Kwa nini kipimo cha umeme wa moyo hakitoshi

Kipimo cha umeme wa moyo (ECG) huonyesha jinsi misuli inavyofanya kazi wakati wa kupimwa, lakini hakionyeshi mishipa ilikoanzia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 uliangalia vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana 27 wenye ateri iliyoanzia kwenye kifuko kisicho chake. Kati yao, 23 walikuwa na kasoro ya ateri ya kushoto na 4 ya kulia. Tisa walikuwa wamepimwa ECG wakiwa wamepumzika, na sita walipimwa wakifanya mazoezi makali. Majibu yote yalikuwa ya kawaida. Hivyo majibu mazuri ya ECG kwa kijana aliyezimia akikimbia hayafungi suala.

Kwa watoto wachanga wenye ateri inayoanzia kwenye ateri ya mapafu hali ni tofauti: ECG yao mara nyingi huonyesha alama za misuli iliyoharibika kwa kukosa damu, na alama hizo kwa mtoto mchanga zinapaswa kuamsha shaka mara moja.

Ekokadiografia

Hiki ndicho kipimo cha kwanza. Hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, hayana mionzi na hayaumizi. Kwa mtoto, ambaye kifua chake ni chembamba, mtaalamu anaweza kuona mdomo wa kila ateri na kufuata mwanzo wa njia yake. Kipimo cha rangi kinachoonyesha mwelekeo wa damu husaidia sana: damu inayoonekana ikiingia kwenye ateri ya mapafu kutoka mahali pasipotarajiwa, au inayotiririka kinyume ndani ya ateri ya kushoto, ni ushahidi muhimu.

Udhaifu wake ni kwamba unategemea ujuzi wa anayepima, na kwamba kwa watu wazima na wenye miili mikubwa picha huwa hafifu. Anayepima asipoitafuta kwa makusudi midomo yote miwili, kasoro hupita bila kuonekana. Mtoto mwenye moyo uliotanuka anaweza kuambiwa ana ugonjwa wa misuli ya moyo usio na tiba, kumbe ana kasoro inayorekebishika.

CT-skani ya ateri za koronari

Kwa vijana na watu wazima hiki ndicho kipimo kinachoonyesha kasoro hizi kwa uwazi zaidi. Mgonjwa hudungwa mshipani dawa yenye iodini inayofanya damu ing'are kwenye picha, kisha mashine humpiga eksirei kutoka pande zote huku akishikilia pumzi kwa sekunde chache. Kwa kuwa moyo hautulii, mashine huunganishwa na ECG ili ichague picha za wakati moyo umelegea. Mgonjwa ambaye mapigo yake yako juu hupewa dawa ya kuyapunguza, mara nyingi hadi karibu 60 kwa dakika.

Kompyuta huunganisha picha hizo kuwa umbo kamili linaloweza kugeuzwa pande zote. Daktari huona mahali ateri ilikoanzia, umbo la mdomo wake, pembe yake, urefu wa kipande kilichomo ndani ya ukuta wa aota, na uhusiano wake na ateri ya mapafu. Upande wa pili ni kwamba kipimo hutumia mionzi, na dawa ya iodini haifai kwa baadhi ya watu, hasa wenye figo dhaifu au mzio. Kwa hiyo hakifanywi bila sababu, hasa kwa watoto.

MRI ya moyo

MRI hutumia sumaku yenye nguvu badala ya mionzi, na kwa sababu hiyo hupendelewa kwa vijana wanaohitaji kupimwa mara kwa mara. Huonyesha mwanzo na njia ya ateri, ingawa si kwa undani wa CT-skani. Faida yake kubwa ni kuonyesha hali ya misuli yenyewe: nguvu yake, makovu yaliyobaki baada ya kukosa damu, na sehemu ambazo hazipati damu ya kutosha moyo unapochochewa kwa dawa. Huchukua muda mrefu, na watoto wadogo huhitaji kulazwa usingizi.

Anjiografia kwa katheta

Mrija mwembamba huingizwa kupitia mshipa wa mkono au paja hadi kwenye mdomo wa ateri, na dawa ya kung'arisha humwagwa humo huku eksirei ikirekodi. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa njia pekee. Ripoti ya mwaka 1990 kutoka Cleveland, Marekani, iliyohusu wagonjwa 126,595 waliopimwa hivyo, ilipata kasoro kwa asilimia 1.3. Lakini picha yake ni bapa na hufanya iwe vigumu kujua kama ateri inapita mbele, nyuma au katikati ya mishipa mikubwa. Leo hutumika zaidi pale panapohitajika kupima shinikizo ndani ya ateri, au kuifunga fistula.

Historia ya vipimo

Mwaka 1929 daktari kijana Mjerumani, Werner Forssmann, alijiingizia mrija mwenyewe kutoka mkononi hadi moyoni na kupigwa eksirei. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards. Mwaka 1953, mjini Lund, Uswidi, Inge Edler na Hellmuth Hertz walianza kutumia mawimbi ya sauti kuutazama moyo. Mwaka 1958 Mason Sones wa Cleveland, akikusudia kupiga picha ya aota, alimwaga dawa ndani ya ateri ya koronari ya kulia kwa bahati mbaya. Mgonjwa alipona, na anjiografia ya koronari ikazaliwa.

CT-skani ina mizizi yake pia barani Afrika. Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuwaza hesabu zake alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Godfrey Hounsfield wa Uingereza alitengeneza mashine iliyompima mgonjwa wa kwanza mwaka 1971, na wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mashine za mwanzo zilikuwa za polepole mno kwa moyo unaodunda. Zile zenye kasi ya kutosha zilienea katika muongo wa kwanza wa karne ya 21.

Tiba

Kasoro zisizo na madhara hazihitaji tiba, na mwenye nazo anaweza kuhakikishiwa kwamba maisha yake yataendelea kama kawaida.

Ateri ya kushoto inayoanzia kwenye ateri ya mapafu hurekebishwa kwa upasuaji mara inapogunduliwa: ateri hukatwa na kushonwa kwenye aota. Moyo wa mtoto mchanga una uwezo mkubwa wa kupona, na ventrikali iliyodhoofika mara nyingi hurudi kwenye nguvu yake katika miezi inayofuata.

Ateri ya kushoto inayoanzia kwenye kifuko cha kulia na kupita katikati kwa kawaida hupendekezwa kufanyiwa upasuaji, hata bila dalili. Kwa ateri ya kulia uamuzi hutegemea dalili na ushahidi wa misuli kukosa damu. Njia mojawapo ni kufungua kipande kilichomo ndani ya ukuta wa aota ili mdomo uwe mpana. Fistula kubwa hufungwa kwa katheta au kwa upasuaji.

Picha za ateri zinahitajika pia kabla ya kurekebisha kasoro nyingine za moyo. Kwa baadhi ya watoto wenye tetralojia ya Fallot, ateri ya koronari hupita juu ya sehemu ileile ambayo daktari angetaka kuipasua ili kupanua njia ya damu ya mapafu. Akiikata bila kujua, mtoto anaweza kufariki.

Katika Afrika Mashariki uchunguzi na upasuaji wa kasoro za moyo za kuzaliwa hufanyika katika vituo kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda mjini Kampala. Mgonjwa hufika huko kwa rufaa, na rufaa huanza na mtu aliyeziona dalili na kutozipuuza: mzazi, mwalimu wa michezo, au mhudumu wa zahanati.